Mchezo wa Wengi na Mchezo wa Wachache

Jioni, kazi za shamba na za ziwa zikiisha, watu wa Rugenge na wa vijiji vya kando ya Tanganyika hupenda kukusanyika penye televisheni. Si kila nyumba iliyo na chombo hicho. Kwa hiyo aliye nacho hupata wageni wengi. Watoto huketi mbele juu ya mkeka, akina mama nyuma yao, na vijana husimama mlangoni na dirishani. Siku mchezo fulani wa kuigiza unapoonyeshwa, nyumba hujaa hata pa kukanyaga hapapatikani. Siku ya mchezo mwingine watu huondoka mmoja mmoja, wakabaki watano au sita tu. Lakini hao watano au sita hawainuki mpaka mwisho.

Ndipo huzuka swali ambalo wakatekumeni huliuliza mara kwa mara. Mchezo unaopendwa na watu wengi, je, ni mwema kwa sababu wengi wanaupenda? Au ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa Bwana alifundisha kwamba njia ya upotevu ni pana na wapitao humo ni wengi? Na ule unaopendwa na wachache, je, ni bora kwa kuwa ni wa wachache?

Swali hili si dogo kwa mtu anayejitayarisha kwa Ubatizo. Siku ile atamkataa Shetani mbele ya Kanisa, pamoja na kazi zake na fahari zake. Wakristo wa kale, waliposikia neno hilo la fahari, walifikiri hasa michezo iliyofanyika katika viwanja vya Warumi, mahali watu walipouana ili umati ufurahi. Basi tangu zamani Kanisa limekuwa likimwuliza kila ajaye kwake: Macho yako unayapeleka wapi, nayo yanauletea moyo wako nini?

WAVU NA NDOANA

Mvuvi wa Tanganyika anajua njia mbili za kupata samaki. Njia ya kwanza ni taa na wavu. Usiku huwasha taa juu ya maji, na dagaa huja kwa maelfu, kwa sababu wote huvutwa na mwanga ule ule. Njia ya pili ni ndoana. Hapo mvuvi huchagua chambo, na pia mahali na saa, kwa ajili ya samaki wa namna moja. Watungaji wa michezo ya kuigiza nao hufanya vivyo hivyo. Wako wanaotupa wavu, na wako wanaotupa ndoana.

Anayetaka wengi huwasha taa ambayo kila mwanadamu huifuata. Taa hiyo ni mapenzi, fedha, wivu, urithi, mtoto aliyepotea akaonekana tena, na ugomvi wa mke na mama mkwe. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha mchezo kutoka China, uliotiwa maneno ya Kiswahili. Ulikuwa habari za mwanamke kijana aitwaye Doudou, aliyeolewa akajikuta ana mama wakwe wawili, kwa kuwa wazazi wa mumewe walikuwa wametengana na baba mkwe ameoa tena. Wengi walioutazama hawajaiona China, wala hawajui desturi za huko. Lakini mama mkwe wanamjua. Rais wa China, Xi Jinping, alipofika Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013, aliutaja mchezo huo katika hotuba yake. Mchezo uliosimulia mambo ya jikoni na sebuleni ulikuwa umevuka bahari.

Mtungaji wa wengi ana ufundi mwingine pia. Hukata habari mahali pa hatari: mlango umefunguka, mtu amesimama kizingitini, na kipindi kimekwisha mpaka kesho. Mtu mwovu humtambulisha tangu mwanzo kwa kicheko na kwa mavazi, na mwema humtambulisha kwa machozi na kwa uvumilivu, ili pasiwe na mtazamaji wa kuachwa nyuma. Ufundi huu si dhambi. Bibi asimuliaye hadithi mbele ya moto, wajukuu wakiwa wamemzunguka, naye hukata maneno mahali pa hatari.

Anayetaka wachache hufanya kinyume. Hutia ndani ya mchezo mambo ambayo wenyewe tu huyafahamu: lugha yao, utani wa koo zao, jina la mlima wao, na kidonda chao. Mwaka 1997, Burundi ikiwa bado katika vita vilivyoanza mwaka 1993, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kutangaza mchezo wa redio kwa Kirundi, ulioitwa Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye jamaa. Mtungaji wake alikuwa mama mmoja Mrundi, Marie-Louise Sibazuri. Habari zake zilikuwa za nyumba mbili zilizokaa jirani, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi, wakati ambapo nchini jirani alikuwa akimwogopa jirani. Redio si televisheni, lakini kazi ya mchezo ni ile ile. Asiyejua Kirundi angesikia sauti tu. Anayekijua, hata kama alikuwa ng'ambo hii ya ziwa, mahali ambapo usiku taa za Bujumbura huonekana, angesikia habari za nyumbani mwake.

Hii ndiyo sababu wengine huvutwa na mchezo wa namna hii, na wengine na ule. Mchezo wa wengi humwambia mtu: Wewe ni mwanadamu kama wote. Mchezo wa wachache humwambia: Wewe hukusahauliwa. Na maneno yote mawili ni ya kweli. Mungu aliwaumba wanadamu wote kwa mfano wake, tena humwita kila mmoja kwa jina lake. Basi asidhani mtu kwamba mchezo wa wengi ni wa wajinga, wala kwamba mchezo wa wachache ni wa wenye kiburi. Wavu na ndoana vyote ni vyombo vya mvuvi. Linalobaki kuulizwa ni hili: mvuvi anawapeleka wapi hao aliowavua?

HATARI YA WAVU

Wahenga walisema: Wengi wape. Walisema pia: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtungaji aliyezoea kusifiwa na umati huanza kuwapa watu kile tu wanachokitaka, naye huacha kuwapa kile wanachokihitaji. Tena katika mambo ambayo umati huyataka, limo moja lenye hatari kuliko yote: mtu wa kulaumiwa.

Huko Kinshasa, tangu miaka ya 1990 vituo vya televisheni vilipoongezeka, vikundi vya waigizaji vimekuwa vikionyesha michezo inayopendwa sana, na mingine hutungwa na watu wa makanisa ya uamsho. Mara nyingi habari huenda hivi. Nyumba imepatwa na ugonjwa, au utasa, au umaskini usioelezeka. Watu wanahangaika. Mwishowe mchungaji anakuja, anaomba, na mchawi anafichuliwa; naye hakutoka mbali, ni shangazi, au bibi, au mtoto wa humo humo ndani. Watungaji wengine hufanya hivyo kwa nia ya kuwaonya watu wamgeukie Mungu. Nia hiyo isidharauliwe. Lakini mti hujulikana kwa matunda yake, na matunda ya mchezo hayaonekani katika televisheni. Huonekana nyumbani mwa mtazamaji baada ya televisheni kuzimwa.

Mfano ni huu. Mama mmoja ametoka kutazama mchezo wa namna hiyo kwa jirani. Anafika nyumbani, mtoto wake wa miaka miwili ana homa kali. Karibu na meko ameketi mama mkwe wake, mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, ambaye husemasema peke yake usiku kwa sababu ya uzee. Jana yule mzee alikuwa bibi wa watoto. Leo je, mama yule anamwona nani? Kama mchezo umempa jicho la shaka, atakaa akimchungulia mzee huyo, atanong'ona na dada zake, na saa ambayo ingempeleka mtoto kwenye kituo cha afya itapotea katika kumtafuta mkosaji. Mbu aliyeleta malaria hatatajwa na mtu yeyote. Na mzee aliyewabeba wajukuu mgongoni huenda akafukuzwa nyumbani mwa mwanawe, au akapatwa na jambo baya zaidi.

Haya si maneno ya kutisha bure. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mtu amshitakiye mtoto kwa uchawi. Sheria hiyo isingaliandikwa kama watoto wasingalikuwa wakishitakiwa, wakipigwa na kufukuzwa majumbani. Hofu ilikuwapo kabla ya televisheni; mchezo haukuizaa. Lakini anayemwaga mafuta penye moto hawezi kujitetea kwa kusema kwamba si yeye aliyeuwasha.

HATARI YA NDOANA

Labda mtu atasema: Basi heri michezo ya wachache, ile ya lugha ya nyumbani, isiyotafuta umati. Huyo naye angoje kidogo.

Mwezi wa Julai 1993 redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda. Haikuwa redio ya michezo ya kuigiza, lakini ilijua kupendeza. Ilipiga muziki, ilitania, na watangazaji wake walizungumza jinsi watu wanavyozungumza penye kinywaji, kwa maneno ya nyumbani na kwa mizaha ambayo wenyewe tu huielewa. Msikilizaji alijiona yuko kati ya watu wake. Na ndani ya utamu huo ilitiwa sumu ya kuwachukia Watutsi, mpaka mwaka 1994 redio hiyo ikawahimiza watu waue. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake.

Afikirie basi msomaji. Redio hii na mchezo ule wa Burundi zilitumia ndoana ya namna moja: lugha ya mama, mambo ya nyumbani, watu wanaofahamiana. Ya kwanza ilimfundisha mtu kumwona jirani kuwa adui. Wa pili ulimfundisha kumwona jirani kuwa jamaa. Kwa hiyo uchache wa watazamaji hauuthibitishi wema wa mchezo, kama vile wingi wao usivyouthibitisha. Anayehesabu watu bado hajapima kitu.

WATAKATIFU WAWILI WA AFRIKA

Jambo hili si geni katika Kanisa, na katika Afrika ndiyo kabisa. Mtakatifu Agostino, mzaliwa wa Tagaste katika Afrika ya kaskazini, alisimulia katika kitabu cha Maungamo habari za rafiki yake Alipio. Alipio alikwenda Roma kusoma sheria. Aliichukia michezo ya kuuana, asitake hata kuisikia. Siku moja rafiki zake walimvuta kwa nguvu mpaka kiwanjani. Alikaa kati yao amefumba macho, akijisifu kwamba mwili wake tu ndio uliokuwapo. Ghafula umati ulipiga kelele kubwa. Alipio alishindwa na hamu ya kujua, akafumbua macho. Tangu dakika ile hakuwa tena yule aliyekuja. Alipiga kelele pamoja nao, na baadaye akawa ndiye anayewavuta wengine. Baada ya miaka mingi alitubu, akabatizwa, akawa askofu. Kilichomwangusha si mchezo peke yake, bali sauti ya wengi. Watu wengi wakipiga kelele pamoja, mmoja mmoja husahau kwamba ana dhamiri yake.

Agostino alijishitaki mwenyewe kwa kosa lingine, lililo karibu zaidi na watazamaji wa siku hizi. Alipokuwa kijana Karthago alipenda michezo ya huzuni, akalia machozi kwa ajili ya wapenzi waliotengana jukwaani. Baadaye alijiuliza: Huruma gani hii, isiyomwinua mtu kwenda kumsaidia yeyote? Mtazamaji aliitwa aone uchungu tu, hakuitwa auondoe. Swali hilo bado ni jipya. Mtu aweza kumlilia kwa wiki nzima mjane wa katika televisheni, na mjane wa nyumba ya tatu akakosa chumvi. Machozi hayo si dhambi. Lakini yakimfanya mtu ajione mwenye huruma, hali hajamhurumia mtu, yamemdanganya.

KIDOLE CHA NATHANI

Ikiwa wingi si kipimo, na uchache si kipimo, kipimo ni nini? Maandiko Matakatifu yana habari mbili zinazojibu.

Ya kwanza ni ya Mfalme Daudi. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Mungu alimtuma nabii Nathani. Nathani hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia hadithi: tajiri mwenye kondoo wengi, maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyemlea kama mtoto wake, na tajiri akamnyang'anya maskini huyo mnyama wake ili amkaribishe mgeni. Daudi aliwaka hasira, akasema mtu yule astahili kufa. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye mwenyewe. Hadithi ile ilitungwa kwa ajili ya msikilizaji mmoja tu. Hakuna mchezo wenye watazamaji wachache kuliko huo.

Ya pili ni ya Bwana wetu Yesu Kristo kando ya ziwa. Umati ulikuwa mkubwa hata akaingia katika mashua na kuwafundisha watu waliosimama pwani. Aliwasimulia habari za mpanzi, mbegu, njia, miamba na miiba. Kila mtu aliyewahi kushika jembe alielewa maneno yale. Baadaye, alipokuwa peke yake, watu wachache pamoja na wale Kumi na Wawili walimjia wakamwuliza maana yake. Mfano ulikuwa mmoja, lakini wengine walikwenda zao wakiwa wamefurahi, na wengine walibaki. Hao wachache hawakuwa wenye elimu. Kati yao walikuwamo wavuvi. Tofauti yao na umati ilikuwa moja tu: walibaki wakauliza.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Hadithi ya Nathani kwa mtu mmoja na mifano ya Bwana kwa maelfu zilifanya kazi ile ile: kidole kilichokuwa kikimwelekea mwingine kiligeuka kikamwelekea msikilizaji. Mchezo mbaya humtuma mtu nyumbani akamtafute mwenye hatia. Mchezo mwema humtuma nyumbani akajitazame mwenyewe, na akamtazame jirani yake kwa huruma. Kwa hiyo mchezo wa wengi waweza kabisa kuwa mwema. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo dereva wa lori, Mkwaju, mwenye mke nyumbani na wanawake njiani, ambaye mwisho aliugua UKIMWI. Mtungaji angaliweza kumtafutia mchawi wa kumlaumu. Hakufanya hivyo. Aliacha matendo ya Mkwaju yazae matunda yake, na mwanamume aliyesikiliza aliachiwa swali la kujiuliza mwenyewe juu ya safari zake.

Tena Bwana hakuudharau umati. Aliuonea huruma, akaulisha mikate. Lakini hakuwa mtumwa wake. Watu walipotaka kumfanya mfalme kwa sababu ya mikate ile, alijitenga akaenda mlimani. Alipowafundisha habari za Mkate wa uzima, wengi waliona neno lile ni gumu, wakaondoka. Hakuwakimbilia kwa neno jepesi zaidi ili warudi. Aliwageukia wale Kumi na Wawili, akawauliza kama wao nao wanataka kwenda. Alikuwa radhi kubaki na wachache kuliko kuwadanganya wengi.

JE, KUCHEKA NI DHAMBI?

Labda mtu mwingine atasema: Mchezo ni mchezo tu. Watu wamechoka na jembe na nyavu, waachwe wacheke. Huyo anasema kweli nusu. Kucheka si dhambi, na Bwana mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana. Mchezo unaompumzisha mtu bila kumdhuru mwingine ni mwema kama usingizi ulivyo mwema. Si lazima kila hadithi iwe mahubiri. Tena Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya habari, haukukataza kuonyesha uovu katika michezo. Ulikiri kwamba kuonyeshwa uovu kwaweza kumsaidia mtu aufahamu moyo wa mwanadamu kwa undani, ikiwa sheria ya Mungu haidharauliwi. Mtaguso huo huo ulisema kwamba mtazamaji ana wajibu wake pia: achague kwa dhamiri, na vijana wajizoeze kiasi.

Maana yake ni kwamba mzigo hauko juu ya mtungaji peke yake. Mtungaji anajibu mbele ya Mungu kwa alichokionyesha. Mtazamaji anajibu kwa alichokifanya nacho. Hata mchezo mwema waweza kuharibiwa na mtazamaji, kama mke akimwona Mkwaju na kumgeukia mumewe kwa dhihaka, na mume akimgeukia jirani yake, na kila mmoja akimpa mwenzake kidole kile kama watu wanaorushiana kaa la moto.

YAMPASAYO MKATEKUMENI

Mkatekumeni hakatazwi kuketi pamoja na jirani zake penye televisheni. Angekataa kuketi nao, pengine angewadharau, na dharau si mwanzo mwema wa Ubatizo. Bali atokapo, njiani gizani kabla hajafika nyumbani, ni vema ajiulize maswali manne.

La kwanza: Yule mtu mbaya wa katika mchezo, je, ninafanana naye katika jambo gani?

La pili: Kuna mtu wa nyumbani mwangu au wa jirani ambaye leo ninamshuku, na jana sikumshuku? Ni nani aliyenipa shaka hiyo, na ana ushahidi gani?

La tatu: Machozi yangu ya leo yatamsaidia nani kesho asubuhi?

La nne: Je, nilicheka au nilikasirika kwa kuwa niliona sababu, au kwa kuwa wote walifanya hivyo?

Atakayejiuliza hivyo amekwisha kuingia katika wale wachache waliobaki na Bwana kando ya ziwa, hata kama mchezo aliotoka kuutazama ni ule unaojaza nyumba mpaka dirishani. Na asiyejiuliza amebaki katika umati, hata kama mchezo wake hutazamwa na watu watano tu.

Jimbo la Uvira lina fundisho lake juu ya idadi ya macho. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka, na siku hiyo hiyo Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Hapakuwa na umati wa kuwasifu. Waliowaona walikuwa wachache, na wenye kuwaua walikuwamo. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenye heri mbele ya umati mkubwa wa waamini. Upendo wao haukuongezeka siku ile watu walipokuwa wengi, wala haukuwa pungufu siku ile walipokuwa wachache. Mungu aliuona kwa ukamilifu tangu saa ya kwanza.

Basi mama yule aliyefika nyumbani akamkuta mtoto ana homa bado amesimama kizingitini, na ana njia mbili. Akumbuke kwamba mchezo umekwisha. Mzee aliyeketi penye meko si mwigizaji. Ni mama wa mumewe, na ni jirani wa karibu kuliko wote ambao Mungu amempa. Amwambie: Mama, mtoto ana homa, twende pamoja kwenye kituo cha afya. Nao wakitoka usiku ule, mmoja amembeba mtoto na mwingine ameshika taa, hakuna mtu atakayewatazama wala kuwapigia makofi. Hata hivyo watakuwa wametimiza amri iliyo kuu.